Wiki yako ya kwanza Seoul

Karibu Seoul, mdogo wangu. Umeuliza uanzie wapi kutembea kabla masomo yako ya kubadilishana hayajapamba moto, na hela ni ya kubana.

Anza na kasri la Gyeongbokgung, lililojengwa mwaka 1395. Usiende Jumanne, hufungwa. Ukivaa hanbok, vazi la jadi la Wakorea, unaingia bure, na maduka ya kukodisha yamejaa pale jirani. Fika kabla ya saa 4 asubuhi uwaone walinzi wakibadilishana zamu langoni. Ukitoka, panda mtaa wa Bukchon kwa miguu, lakini punguza sauti: zile nyumba za kale zina wenyewe, watu wanaishi humo. Mimi hapo ndipo nilipoupenda mji huu. Jioni shuka kando ya kijito cha Cheonggyecheon, hakina kiingilio.

Kadi ya T-money nunua siku ya kwanza, utapanda nayo treni na mabasi. Kwenye simu weka Naver Map, programu ya ramani. Ukitamani chakula halali, nenda mtaa wa Itaewon, karibu na msikiti mkuu uliofunguliwa 1976. Mlima Namsan usiuharakishe, ngoja siku isiyo na ukungu.