Kabla ya kuhesabu laiki, uliza nani yumo kundini

Karibuni kwenye kazi ya kuchambua mazungumzo ya mitandaoni. Mimi nilianza vibaya. Nilikabidhiwa kundi la WhatsApp la wafanyakazi thelathini na ushei, na swali moja: wameipenda ratiba mpya? Nikahesabu. Madole gumba 19, neno la kupinga hakuna. Nikaandika kwamba imekubalika. Wiki mbili baadaye ratiba ilikuwa imesuswa, nami ndiye niliyeitwa kujieleza.

Nikarudi kulisoma kundi taratibu, safari hii nikitazama saa. Ratiba iliwekwa saa 2 asubuhi. Kwa dakika 40 ilisomwa na karibu kila mtu, kimya. Kisha mkuu wa kitengo akaweka dole lake, na mengine 18 yakamiminika ndani ya robo saa. La kwanza lilikuwa maoni, yaliyofuata yalikuwa shikamoo. Jibu nililotumwa kulitafuta lilikuwa kwenye zile dakika 40, ambazo sikuzihesabu kwa kuwa kimya hakina alama.

Msidhani ni woga wa bosi tu. Katika jaribio lililochapishwa mwaka 2013, watafiti walichukua maoni kwenye tovuti moja ya habari, wakayapa baadhi kura moja ya kuyaunga mkono, bila kuchagua. Hiyo kura moja ya bandia ilipandisha alama za mwisho kwa wastani wa asilimia 25. Kura ya kupinga haikuwa na nguvu hiyo, maana watu waliisahihisha. Kwa hiyo jumla pekee isiwatoshe. Ombeni mfuatano: nani alianza, nani akafuata, baada ya muda gani.

Halafu kuna suala la macho. Nje ya mtandao, mtu huzungumza na mama mkwe kivyake na rafiki wa utotoni kivyake. Kwenye Facebook wote wanasoma posti ileile. Ndiyo maana wengi huposti mambo yasiyomkera yeyote, kisha maneno yenyewe huhamia inboksi au kwenye akaunti ya pili isiyo na picha. (Akaunti hizo msizikimbilie kuziita za matapeli, nyingi ni za watu wanaotafuta pa kupumulia.)

Ukaribu nao una uzito wake. Katika uchaguzi wa Marekani wa mwaka 2010, Facebook iliwaonyesha mamilioni ya watumiaji tangazo la kuhimiza kupiga kura. Lililobeba picha za marafiki waliokwisha kupiga liliwasukuma watu kidogo kwenda vituoni. Lisilo na sura za marafiki halikufua dafu.

Siku hizi nikipewa kundi, kabla sijafungua ujumbe hata mmoja huomba orodha ya waliomo, vyeo vyao, na nani alimwingiza nani.