Kiwanja cha Nzuguni Usikiuze

Mwanangu, mbukwenyi huko nyumbani. Umeniuliza swali ambalo wakubwa wa Nzuguni, hapo Dodoma, hulizunguka kila ninapopiga simu: je, uuze kiwanja alichokuachia babu yako, ulipe ada ya chuo cha sanaa huku Uingereza, uje uwe mchoraji kama mimi mama yako mdogo, ambaye picha yangu mmeiona ikining'inia ukutani Leeds? Umeomba nisikufiche. Sitakuficha, ingawa baadhi ya haya sijawahi kumwambia hata mama yako.

Picha ile mliyoiona iliuzwa pauni 900. Nyumba ya sanaa ilichukua nusu, jambo ambalo huku ni la kawaida wala si wizi. Fremu ilinigharimu pauni 120, rangi na kitambaa 60. Nilibaki na pauni 270 kwa kazi ya wiki saba, na mwaka ule niliuza picha tatu tu. Kodi ya chumba, chakula na fedha ninazowatumia hutoka katika nyumba ya kutunzia wazee, ambako nafanya zamu nne za usiku kwa wiki. Mkiniona nimevaa kitenge mbele ya picha zangu, mjue kwamba alfajiri ya siku hiyo nilikuwa nikimgeuza mzee kitandani ili asipate vidonda. Sioni haya kwa kazi hiyo, maana ndiyo inayoninunulia rangi. Naona haya kwa kuwaacha muda wote huu mkiamini vinginevyo.

Kuhusu chuo, nilipokuja mwaka 2018 niligundua jambo ambalo wakala aliyenishughulikia hakulitaja: mwenye viza ya mwanafunzi huruhusiwa kuajiriwa saa 20 kwa wiki wakati wa muhula, lakini haruhusiwi kujiajiri, na mchoraji anayeuza picha zake mwenyewe huhesabiwa kuwa amejiajiri. Kwa miaka mitatu, basi, nililipia kujifunza kazi ambayo sheria ilinizuia kula matunda yake, na mwalimu mmoja alipotaka kununua mchoro wangu nilimkatalia huku nikidaiwa kodi ya chumba. Baadaye nilipata viza ya wenye vipaji, ambayo maombi yake hupimwa kwanza na Arts Council England, yaani baraza la sanaa la huku, kwa barua za watu wanaoheshimika katika fani. Na juu ya ada yake kuna mchango wa huduma ya afya, pauni 1,035 kwa kila mwaka wa viza, unaolipwa wote kwa mkupuo kabla hujapata jibu.

Sasa nije kwenye weusi, ambao hukuuliza. Dodoma hakuna aliyewahi kuniita msanii Mweusi. Niliitwa Mgogo, au yule binti anayechafua kuta kwa mkaa. Huku jina hilo lilinitangulia mlangoni. Oktoba, ambayo Waingereza wameifanya kuwa mwezi wa historia ya watu Weusi tangu 1987, maktaba, halmashauri na shule zote hunitafuta nikazungumze, mara nyingi kwa nauli na chai. Ikifika Novemba, simu inanyamaza. Mwaka 2020, baada ya polisi kumuua George Floyd kule Minneapolis, watu ambao hawakuwahi kujibu barua zangu waliniandikia wao wenyewe, nami nikadhani mlango umefunguka. Miaka miwili baadaye wengi wao hawakukumbuka hata jina langu.

Hilo nimelizoea. Kinachoniudhi ni kuchaguliwa rangi. Msimamizi mmoja wa maonyesho alitazama michoro yangu ya tembe, nyumba zetu za udongo za Kigogo, yenye udongo, majivu na kahawia ya mwezi wa Septemba, akaniuliza kwa upole kabisa kama sina kitu chenye Uafrika zaidi. Nadhani alitaka twiga. Nilimweleza kwamba kwetu mvua huja Desemba na kuondoka Aprili, na miezi iliyobaki nchi nzima ina rangi ya ngozi ya ng'ombe. Alitabasamu, akachagua picha ya mwingine. Siwabezi Watingatinga: Edward Saidi Tingatinga alitumia rangi za baiskeli akaanzisha mtindo ambao dunia inautambua. Ila mtindo wa mtu wa Tunduru haugeuki pasipoti ya kila Mtanzania.

Utaniambia wapo waliofika. Wapo. Lubaina Himid, mzaliwa wa Zanzibar, alikuwa mwanamke Mweusi wa kwanza kushinda Turner Prize, tuzo kubwa ya sanaa ya huku, mwaka 2017, akiwa na miaka 63, na hadi mwaka huo tuzo hiyo ilikuwa imefungwa kwa waliovuka 50. Mchoraji Everlyn Nicodemus wa Marangu alihamia Sweden mwaka 1973. Maonyesho makubwa ya kazi zake zote yalifunguliwa Edinburgh mwaka 2024, akiwa na miaka 70. Nawaheshimu sana wanawake hao, lakini hesabu miaka waliyosubiri, kisha jiulize wewe ungekula nini katika miaka hiyo.

Mimi hurudi kwa marehemu Hukwe Zawose, mwanamuziki wetu wa kijiji cha Doduma, ambaye zeze na ilimba zake, ala za Kigogo, zilirekodiwa na Real World, kampuni ya muziki ya Mwingereza Peter Gabriel, akapiga Ulaya, kisha akarudi Bagamoyo alikokuwa akifundisha katika chuo cha sanaa. Kama ningeanza upya ningefuata njia hiyo: ningesoma Bagamoyo, ningetafuta karakana pale Nafasi Art Space, kituo cha wasanii cha Dar es Salaam, na huku ningekuja kwa mwaliko wenye tarehe ya kurudi. Kwa hiyo kiwanja usikiuze. Ukipata chuo kitakachokulipia ada, niandikie tena, nitakupokea uwanja wa ndege.

Zile picha za ukuta wa tembe la bibi zimefika, lakini jua la mchana limeufuta ufa wote. Piga tena asubuhi mapema, kutoka upande wa zizi, kabla masika hayajauangusha. Udongo usinitumie, sheria za huku haziruhusu, na wa hapa nimeshajifunza kuuchanganya na majivu hadi unakaribia.