Maswali Yenu: Sitari Mbele, Magita Baadaye

Toleo lililopita tuligusia kwa mistari miwili tu tamasha la kumkumbuka George Harrison, lililofanyika Royal Albert Hall, London, tarehe 29 Novemba 2002, mwaka mmoja kamili tangu mpiga gita huyo wa Beatles afariki. Mistari hiyo miwili imezaa barua nyingi kuliko makala yetu ndefu. Tumechagua zinazouliza mambo ya kazi.

Ndugu Mhariri, nimetazama rekodi ya onyesho lile. Watu wamekuja kumuaga mwanaroki, lakini sehemu yote ya mwanzo ni ya Kihindi: wapigaji wameketi chini, dramu hakuna. Kwa nini wasianze na kina Eric Clapton na Paul McCartney, ukumbi uchangamke kwanza?
*Mpenzi wa roki, Nairobi*

Jibu la heshima unalijua: Harrison alikutana na Ravi Shankar, gwiji wa sitari, ala ya nyuzi ya Kihindi, mwaka 1966, Septemba ya mwaka huo akamfuata India kujifunza sitari, na ualimu ule ukageuka undugu hadi kifo. Sisi tutashika jibu la ufundi, kwa sababu hata undugu usingekuwepo, mpangilio ungebaki uleule.

Sitari ina nyuzi 6 au 7 za juu zinazopigwa, na chini yake, kwenye vigingi vya ubavuni, nyuzi nyingine nyembamba 11 hadi 13 ziitwazo taraf. Hizo za chini kwa kawaida hazipigwi. Zinatetemeka zenyewe kila sauti inayofanana nazo inapolia, na huo ndio mng'aro unaousikia nyuma ya kila noti. Sasa weka chombo hicho mita 3 kutoka kwenye amplifaya ya gita na spika za besi. Taraf hazichagui nani kazipigia. Zitalia kwa gita la jirani, maikrofoni itachukua mlio huo, spika itaurudisha, na utapata uvumi usiokwisha ambao fundi mitambo ataukata kwa kushusha sauti ya sitari. Mwishowe mpigaji anaonekana tu, hasikiki.

La pili ni masikio ya watu. Muziki huu unaanza na alapu, mwendo wa polepole bila ngoma, noti moja ikivutwa na kupindwa. Sikio lililotoka kwenye roki ya saa moja linasikia kimya. Mwaka 1974, katika ziara ya Harrison ya Marekani, kundi la Ravi Shankar liliwekwa katikati ya nyimbo za roki, na sehemu kubwa ya wasikilizaji ilikosa subira. Mwaka 1971, kwenye onyesho la kuichangia Bangladesh pale Madison Square Garden, New York, Shankar alitangulia, na ikawa salama, ingawa watu walipiga makofi alipokuwa bado anakaza nyuzi. Aliwashukuru kwa utani kwamba kama kukaza nyuzi kumewapendeza hivyo, basi kupiga kwenyewe kutawapendeza zaidi. Waliopanga tamasha la 2002 walikuwa na mifano yote miwili mbele yao.

Ona basi walivyopanga: dua ya Kisanskriti, sitari pekee ya Anoushka Shankar, binti wa Ravi, wimbo mmoja wa Harrison, "The Inner Light", wenye ala za Kihindi, kisha utunzi mpya wa Ravi Shankar uitwao Arpan, yaani sadaka au matoleo, wa dakika kama 23. Ndani ya Arpan Clapton aliingia na gita lisilo la umeme. Daraja ndilo hilo. Halafu wakaja wachekeshaji wa Monty Python, ambao Harrison aliwahi kuweka nyumba yake rehani kugharimia filamu yao ya 1979. Wengi wanauliza vichekesho vilitafuta nini msibani. Tukiacha mapenzi ya marehemu kwa watu hao, kwa jicho la fundi jukwaa kipindi cha namna hiyo ni dhahabu: kinasafisha masikio, tena hakihitaji amplifaya hata moja.

Ravi Shankar mwenyewe alipiga?
*Msomaji, Kampala*

Hapana. Alikuwepo, umri miaka 82, na aliongea na ukumbi. Kazi ya kuongoza Arpan alimwachia binti yake Anoushka, aliyekuwa na miaka 21.

Salamu kwenu. Sisi ni kikundi cha taarabu, tuna tabla (ngoma mbili za Kihindi), kinanda cha kuvuta, fidla 3, udi, rika (dufu dogo lenye njuga) na mzee mmoja wa nzumari. Tunataka kuupiga "The Inner Light" kama walivyoupiga kwenye tamasha lile. Sitari hatuna. Tukodi, au tutumie gita la umeme lenye kifaa cha kuigiza sitari? Na je, wimbo wenyewe si ibada ya dini nyingine?
*Kikundi, Likoni, Mombasa*

Tuanze na la mwisho, maana likikwama hilo hakuna mazoezi. Maneno ya wimbo huo yametolewa katika sura ya 47 ya kitabu cha kale cha Kichina, Tao Te Ching. Harrison alishauriwa na Juan Mascaró, mwalimu wa Kisanskriti wa Cambridge, aitie muziki sura hiyo. Muziki wenyewe ulirekodiwa Bombay Januari 1968. Kwa hiyo ala ni za Kihindi na maneno ni hekima ya Kichina. Ibada hasa ni ile dua ya ufunguzi wa tamasha, nayo hamjaulizia.

Gita la kuigiza sitari liacheni. Linaiga mkwaruzo wa sitari, lakini haliigi mvuto. Kwenye sitari mpigaji huuvuta uzi pembeni juu ya freti iliyopinda na kupanda noti 4 au 5 bila kukata sauti. Kati ya ala mlizo nazo, inayoweza hivyo ni fidla, na kwa sauti za chini udi, kwa kuwa shingo yake haina freti. Mpeni fidla mmoja sauti kuu, wawili washike sauti ndefu za chini. Wasikilizaji wenu waliokua na nyimbo za Juma Bhalo wamezoea fidla na kinanda vikibeba mahadhi ya Kihindi, hawatashangaa.

Nzumari itasimama mahali pa shehnai, zumari ya Kihindi, maana zote ni ala za ulimi wa matete, ndugu wa damu. Tatizo lake ni nguvu. Mzee asimame nyuma kabisa, mita 3 au 4 kutoka maikrofoni yoyote, na asiwekewe ya kwake. Pia nzumari haikazwi kama fidla: mzee anaweza kusukuma sauti kidogo kwa midomo na pumzi, lakini hawezi kuhama ufunguo.

Hapo ndipo vikundi vingi vinapoharibikiwa. Kila mtu anakaza ala yake kwa programu ya simu, kisha kinanda kinaingia na kila kitu kinakuwa kichungu. Vinanda vya zamani vya kuvuta mara nyingi viko juu au chini ya kipimo cha simu, na ndimi zake hazibadilishwi jukwaani. Fanyeni hivi: mzee apige sauti yake ya msingi, mtafute kwenye kinanda sauti iliyo karibu zaidi, hiyo ndiyo iwe Sa yenu, kama Wahindi wanavyoiita sauti ya msingi. Wengine wote wafuate kinanda. Simu zikae mfukoni.

Baada ya kuipata Sa, mtu mmoja ashike Sa na Pa, yaani sauti ya kwanza na ya tano, mwanzo hadi mwisho bila kupumzika. Kwa Wahindi kazi hiyo ni ya tambura, nyuzi 4 zinazopigwa kwa kidole mmoja baada ya mwingine. Kinanda chenu kinaitosha, alimradi anayevuta asichoke na kuanza kupamba. Mapambo yatawajaribu. Mkatazeni.

Tabla: ile ndogo ya kulia inakazwa kwenye Sa. Ngozi yake ina sehemu 16 za kugonga ukingoni na vigingi 8 vya mbao ubavuni. Kwanza sogezeni vigingi kwa nyundo, kisha malizieni kwa kugonga ukingo, mkienda upande mmoja na kurukia upande wa pili, msizunguke mfululizo, la sivyo upande mmoja utakuwa juu na mwingine chini. Tabla moja haihami zaidi ya nusu sauti mbili tatu. Mkilazimisha, ngozi itapasuka au itakufa sauti. Kwa unyevu wa Mombasa ngozi hulegea ikitoka chumba chenye kiyoyozi kwenda uwanjani, kwa hiyo ziwekeni hapo mtakapopigia saa moja kabla, ndipo mkaze. Poda ya mikono msiisahau.

Mdundo wa keherwa wenye mapigo 8 utawatosha: dha ge na ti, na ka dhi na. Rika ipige kwa ncha za vidole tu, au ikae kimya beti la kwanza.

Mimi ni fundi mitambo. Kila nikipata sitari jukwaani na bendi, ama inapiga mluzi ama haisikiki. Nimejaribu kubandika kipaza sauti kidogo kwenye mbao, sauti ikawa kama bati. Nakosea wapi?
*Dar es Salaam*

Pole, ndugu yetu. Kipaza cha kubandika kinachukua mtikisiko wa mbao peke yake, hakipati hewa inayotoka kwenye buyu, ndiyo maana unapata bati. Tumia maikrofoni ya kondensa, sentimita 20 hadi 30 mbele ya uso wa mbao, ukiielekeza kati ya daraja na mwanzo wa shingo. Usiilenge daraja moja kwa moja. Daraja la sitari ni bapa, limesuguliwa ili uzi uliguseguse unapotetemeka, na karibu nalo utapata mvumo wa nyuki mtupu. Kata sauti zote zilizo chini ya hezi 80 hadi 100, huko sitari ni kidogo sana, kilichojaa ni miguu ya watu na besi.

Tabla zipe maikrofoni 2, sentimita 15 hadi 20 juu ya ngozi, moja kwa kila ngoma. Spika ya jukwaani ya wapigaji walioketi iwe ndogo, iwe chini, na isitazame uso wa sitari. Jukwaa la kukalia linyanyuliwe sentimita 40 hadi 60 ili watu wa nyuma waone mikono, litandikwe zulia, na waya zipite nyuma yake. Hakuna anayepanda na viatu hapo, wewe pia, hata ukiwa na haraka.

Kuhusu mpiga dramu: kama lazima awepo, atumie fimbo za ufagio, na afundishwe kabla tintali, mzunguko wa mapigo wa Kihindi. Ina mapigo 16 katika mafungu 4, kwa hiyo wanaroki huiona rahisi. Lakini kwenye fungu la 3, linaloanza pigo la 9, ngoma nzito ya kushoto inanyamaza, na wapigaji wote wanalisubiri pengo hilo ili wajue wako wapi. Dramu inayoendelea kukanyaga besi hapo inalifuta pengo, na ndani ya mizunguko miwili mwenye tabla atakutazama kwa jicho baya.

Tena muulize mpiga sitari, mwezi mmoja kabla, Sa yake ni ipi. Wengi hukaa C kali au D. Kwenye C kali wapiga gita waweke kibanio freti ya 1 wapige maumbo ya C. Usimwombe apande hadi E kwa ajili ya mwimbaji: ule uzi mkuu wa chuma una unene wa milimita 0.3 tu, utakatika, na kulegeza na kukaza taraf zote upya ni kazi ya nusu saa.

Fedha za tamasha zilikwenda wapi? Tunaandaa la kwetu la kumkumbuka mwanamuziki, hatutaki maneno.
*Kamati, Arusha*

Zilikwenda kwenye mfuko wa hisani ambao Harrison mwenyewe aliuanzisha mwaka 1973, Material World Charitable Foundation. Angalieni tarehe hiyo. Mwaka 1971 dola 243,418.50 za viingilio vya onyesho la Bangladesh zilifika UNICEF upesi, lakini fedha za santuri na filamu zilikwama miaka mingi kwenye mzozo wa kodi Marekani, kwa kuwa msamaha wa kodi haukuombwa kabla. Nanyi andikisheni mpokeaji na mmalize habari ya kodi kabla ya kuchapa tiketi ya kwanza. Rekodi ya video iandikiwe mkataba wake, mbali na viingilio.

Kile kigita kidogo alichoanza nacho McCartney ni nini? Na yale maua ya mwisho yalishushwaje bila kuharibu vyombo?
*Mwanafunzi wa muziki, Zanzibar*

Ni ukulele, nyuzi 4 za nailoni, G C E A, na ile G kwa kawaida iko juu ya C, haiko chini kama unavyotarajia ukitoka kwenye gita. Harrison aliipenda mno. McCartney alianza nayo "Something" peke yake kabla bendi haijaingia, na Joe Brown akafunga tamasha kwa ukulele na wimbo wa mwaka 1924. Ukinunua nyuzi mpya, zikaze kila siku kwa siku 4 au 5 kabla ya onyesho. Nailoni inaendelea kunyooka, nawe utadhani umenunua chombo kibovu.

Petali zilinyesha kutoka juu wakati wa wimbo huo wa mwisho, sitari na tabla zikiwa zimemaliza kazi yake zamani. Ukitaka kufanya hivyo, tumia petali zilizokaushwa kivulini siku moja. Mbichi zinashikana na kuanguka kwa mafungu, tena zikikanyagwa sakafu inateleza. Vibonyezo vya kinanda vifunikwe kitambaa mara tu mpigaji anaponyanyua mikono, na ngozi ya tabla isibaki wazi hata kwa dakika moja, kwa sababu petali yenye maji ikigandia lile doa jeusi la katikati, wanja wake hulainika na kuanza kubanduka.