Kula Tunda, Achana na Kidonge: Maswali Yenu Kuhusu Antioksidanti na Kisukari

Je, ni kweli antioksidanti za mimea hukinga kisukari?

Wauzaji wa vidonge huwapa nusu ya jibu. Antioksidanti ni kemikali zinazozima chembe haribifu mwilini. Seli za kongosho zinazotengeneza insulini, homoni inayoshusha sukari ya damu, zina ulinzi hafifu dhidi ya chembe haribifu zinazoongezeka sukari inapozidi mwilini. Hilo ni kweli. Ni kweli pia kwamba wenye vitamini C na karotenoidi (rangi za mimea kama ile ya karoti) nyingi kwenye damu, yaani walaji wazuri wa matunda na mboga, hupata kisukari cha aina ya pili kwa nadra kuliko wengine.

Nusu inayofichwa ni hii: antioksidanti ilipotolewa kwenye mmea ikafungwa kwenye kidonge, kinga haikuonekana. Madaktari wanaume zaidi ya 22,000 wa Marekani walifuatiliwa kwa takriban miaka 12, nusu yao wakimeza beta-karotini, mojawapo ya karotenoidi hizo, siku moja na kuruka siku inayofuata. Kisukari hakikupungua. Finland walijaribu kwa wavuta sigara 29,133, na waliopewa beta-karotini wakapata saratani ya mapafu kwa asilimia 18 zaidi ya wenzao. Matokeo hayo yalitoka mwaka 1994, na bado mvuta sigara anauziwa kopo la beta-karotini ile ile akiambiwa ni kinga.

Tunda lina nyuzinyuzi, lina maji, lina mamia ya kemikali zinazofanya kazi pamoja. Tena ukishiba tunda, hukushiba keki.

Juisi halisi isiyoongezwa sukari haina shida, siyo?

Ina shida. Nimelijibu hili mara nyingi mno, na kila wiki linarudi na neno "halisi" kana kwamba neno hilo hubadilisha kitu. Ukikamua, sukari inabaki na nyuzinyuzi unazitupa. Uchunguzi wa Marekani wa mwaka 2013, uliohusisha watu zaidi ya 187,000, ulikuta walaji wa matunda mazima, hasa bluberi, zabibu na tufaha, wana hatari ndogo zaidi ya kisukari, na wanywaji wa juisi wana hatari kubwa zaidi. Tafuna.

Nafanya mazoezi na nameza vitamini C na E kila siku. Nimejikinga mara mbili?

Huenda umejipunguzia. Mwaka 2009 watafiti wa Ujerumani waliwapa vijana miligramu 1,000 za vitamini C na vitamini E juu yake, huku wakifanya mazoezi kwa wiki nne. Wasiomeza kitu waliitikia insulini vizuri zaidi baada ya mazoezi; kwa waliomeza, faida hiyo haikuonekana. Zile chembe haribifu mnazozichukia ndizo zinazouambia msuli ujiimarishe. Endelea na mazoezi.

Mtoto wangu ana kisukari cha aina ya kwanza. Kuna mmea wa kuchukua nafasi ya insulini?

Hapana. Usimpunguzie insulini hata siku moja.

Kahawa je?

Wanywaji hupata aina ya pili kwa nadra zaidi, hata wa ile isiyo na kafeini. Ila usiijaze sukari.

Nimeacha metformini, dawa yangu ya kisukari, miezi miwili, natumia unga wa majani wenye antioksidanti. Najisikia mzima kabisa.

Ndugu yangu, kujisikia mzima si kipimo. Sukari hupanda kimya kimya, ikila macho, figo na neva za miguu wakati mwenyewe unalala vizuri.

Tena umeukimbia mmea ukidhani unaukimbilia. Metformini ina asili yake katika galega, mmea uliotumika Ulaya karne nyingi. Kemikali yake, galejini, ilishusha sukari lakini ilikuwa na sumu. Wanakemia wakatengeneza ndugu zake walio salama zaidi, na mwaka 1957 daktari Jean Sterne wa Ufaransa akachapisha matokeo ya metformini kwa wagonjwa. Kwenye kidonge chako kipimo kinajulikana. Kwenye unga wako nani amepima? Kuna unga wa "asili" uliokutwa umechanganywa na glibenklamaidi, dawa ya hospitali inayoweza kukuangusha kwa sukari kushuka ghafla. Ukiona unga unafanya kazi upesi mno, ogopa.

Wiki hii hii mwone daktari wako, mwambie ukweli kwamba uliacha dawa, na upime HbA1c, kipimo cha damu kinachoonyesha wastani wa sukari yako wa miezi miwili hadi mitatu. Hata ule unga nenda nao, auone.