Kabla ya Kuandika "Expect", Jiulize Unatarajia Nini

Barua yangu ya kwanza ya kuomba kazi kwa Kiingereza niliimaliza kwa sentensi niliyoiona kuwa ya adabu kabisa: "I expect your positive reply." Akilini mwangu nilikuwa nimesema "natarajia majibu mazuri kutoka kwenu", maneno ambayo kwa Kiswahili hayamuudhi mtu na ambayo barua nyingi za kiofisi huishia nayo. Kazi niliipata, lakini miezi kadhaa baadaye yule aliyeipokea barua alinieleza kwa upole kwamba aliposoma mstari ule wa mwisho alihisi kama anaamrishwa. "Expect" hubeba uhakika, na mara nyingi hubeba dai pia: mwajiri huitumia kumwambia mfanyakazi kwamba anatakiwa awepo saa mbili asubuhi, na asipofika amekosa. Mwenye kutumaini tu huandika "hope", na barua ya heshima huishia kwa "I look forward to hearing from you". Anayesubiri basi kituoni naye ana neno lake, "wait".

Tangu siku ile nimefanya kazi ya kutafsiri, na nimeshawishika kwamba makosa yetu mengi ya Kiingereza huanzia katika Kiswahili chetu, pale neno letu moja linapofanya kazi ambayo wenzetu wameigawa kwa maneno mawili au matatu. Kwa hiyo nakushauri uache kukariri orodha ndefu za visawe vya Kiingereza, na uanze kwa kulichunguza neno la Kiswahili ulilonalo kichwani kabla hujalitafutia mwenzake.

Chukua kitenzi "kuazima". Twasema "niazime kalamu yako", na twasema vilevile "nimeazima kalamu kwa jirani", kitenzi kilekile, ilhali katika sentensi ya kwanza naomba kupewa na katika ya pili nimekwisha kuchukua. Ndiyo sababu madarasani husikika "borrow me your pen". Kiingereza kina "lend" kwa anayetoa na "borrow" kwa anayechukua, na dawa ya kuvitofautisha tunayo wenyewe: ondoa "azima", kisha ujaribu "kopa" na "kopesha". Palipofaa "kopesha" andika "lend", na palipofaa "kopa" andika "borrow". Njia hiyohiyo hukusaidia kwa "hear" na "listen", ambavyo ni "sikia" na "sikiliza", na kwa "remember" na "remind", ambavyo ni "kumbuka" na "kumbusha". Uangalifu zaidi unahitajika kwa "sikia", kwa kuwa sisi husikia hata njaa, baridi na harufu, na Mwingereza hasikii hata kimoja kati ya hivyo kwa sikio: njaa na baridi kwake ni "feel", na harufu ni "smell".

Kuna visawe vingine ambavyo maana yake ni moja lakini hadhi yake si moja. Baada ya Wanormandi kuitwaa Uingereza mwaka 1066, Kiingereza kilipokea maneno mengi ya Kifaransa yakakaa kando ya yale ya asili, na hadi leo "buy" ni la sokoni na "purchase" ni la hati, "begin" ni la kila siku na "commence" ni la sherehe na mikataba. Jambo hili lisitutishe, kwani mbuzi wetu hufa, na jirani yetu hufariki dunia, na hakuna mtoto aliyelelewa kwa Kiswahili atakayetangaza kwamba mbuzi amefariki. Kwa sikio hilohilo uipime nahau "kick the bucket" kabla hujaiandika katika salamu za rambirambi: maana yake ni kufa, lakini kwa mzaha, karibu sawa na kusema mtu amedanja. Kwa wafiwa andika "passed away".

Ndugu zetu wa Bukavu na Bujumbura, waliosomea kwa Kifaransa, wana mtego wao wa ziada. "Demander" ya Kifaransa ni kuomba au kuuliza tu, lakini "demand" ya Kiingereza ni kudai. Na "actuellement" ni kwa sasa, ilhali "actually" ni kusema kweli.

Nahau hubadilika hata kati ya Waingereza na Wamarekani. Niliwahi kutafsiri muhtasari wa kikao cha shirika la Kimarekani ulioeleza kwamba hoja fulani ilikuwa "tabled". Nikaandika "iliwasilishwa mezani" bila wasiwasi wowote, kwa sababu ndivyo asemavyo Mwingereza na ndivyo tusemavyo sisi, ambao taarifa rasmi za Bunge la Tanzania zina kichwa cha "Hati Zilizowasilishwa Mezani". Nilipofika ukurasa uliofuata nikaona hoja hiyohiyo imepangiwa kikao kingine, nikarudi nyuma kuuliza maana: kwa Wamarekani, kuiweka hoja mezani ni kuiacha hapo bila kuijadili. Nilifuta "iliwasilishwa mezani", nikaandika "iliahirishwa", kisha nikaisoma tafsiri yote upya tangu mstari wa kwanza.