Maswali na majibu: maji kwenye uaguzi wa Wachina wa kale, mbona yanatisha hivyo?

Baada ya kuandika kidogo kuhusu Yijing, kile kitabu cha kale cha Wachina cha kuagulia, maswali mengi yaliyokuja yalikuwa ya maji, na nimefurahi kwa kweli maana hapo ndo penye utamu wenyewe. Kwa ambaye hajui: kitabu kina alama 64, kila alama ina mistari sita, mzima au uliokatika, unaijenga kuanzia chini kwenda juu kwa vijiti 50 (kimoja unakiweka pembeni) au kwa sarafu tatu, afu unasoma maneno yake. Kila alama kubwa ni alama mbili ndogo za mistari mitatu zimepandana, na hizo ndogo ziko nane tu: mbingu, ardhi, ngurumo, upepo, moto, mlima, ziwa na maji. Haya twende.

"Kwetu maji ni baraka, mvua ikinyesha siku ya harusi watu wanashangilia. Sasa nasoma kwamba kwa Wachina alama ya maji ni hatari? Imekuwaje?" (dada wa Tabora)

Ni kweli dada yangu, ni hatari, alama yenyewe inaitwa Kan na wazee wao waliisoma kama shimo. Ichore uone: mstari mmoja mzima katikati, juu na chini imekatika, yaani mkondo wenye nguvu unapita ndani na kingo laini huku na huku. Sasa jiulize waliotunga haya walikuwa wanaishi wapi, walikuwa bonde la Mto Njano na matawi yake, mto unaobeba tope jingi mpaka kitanda chake kinapanda, kingo zinapasuka, mto unahama njia na kuzoa mashamba na vijiji. Mtu wa pale akisema maji hawazii kwanza glasi ya kunywa, anawaza kitu kinachoweza kummeza yeye na ng'ombe wake.

Zikipandana Kan mbili unapata alama ya 29, shimo juu ya shimo. Mstari wa kwanza unasema umetumbukia kwenye shimo lililo ndani ya shimo, balaa. Mstari wa mwisho mtu amefungwa kamba, katupwa kwenye miiba, miaka mitatu hapati njia. Lakini tamko la alama nzima halisemi kimbia! Linasema ukiwa mkweli moyo utapenya, na kuendelea mbele kuna heshima. Na wafafanuzi wa zamani wakaongeza kwamba maji yanatiririka bila kufurika, yanapita penye hatari bila kupoteza uaminifu wake. Hapo ndo napapenda kuliko pote, manake kitu kinachokutisha ndo hicho hicho unachotakiwa kujifunza kwake jinsi ya kupita. Na kuna mstari wa nne ambao huwa nausoma mara mbili mbili, chombo cha pombe, bakuli mbili za chakula, vyombo vya udongo tu, vinapitishwa dirishani, na mwisho hakuna lawama. Mtu yuko kwenye shida, hana sadaka kubwa, anatoa alichonacho kwa moyo safi na inapokelewa.

Na Kan inabeba vingine pia. Ni upande wa kaskazini, mwezi, sikio, damu, nguruwe, mwizi, na mtoto wa kiume wa kati (ule mstari mzima uko nafasi ya kati, ndo sababu).

"Kabla ya hicho kitabu walikuwa wanaagua vipi? Na maji yalikuwemo?"

Yalikuwemo sana. Kabla ya Yijing kulikuwa na mifupa. Wafalme wa Shang, nasaba ya kale ya China, mji wao ulikuwa pale Anyang ya leo mkoani Henan, walitumia gamba la chini la kobe na mfupa wa bega la ng'ombe. Fundi anachonga vishimo kwa nyuma, anaweka kitu cha moto, mfupa unapasuka kwa mbele, na ule ufa ndo jibu. Afu wakachonga maandishi pembeni: siku, jina la mwaguzi, swali, na mara nyingine mfalme alivyosoma na kilichotokea baadaye. Yalikuja kutambuliwa mwaka 1899 na msomi Wang Yirong, kumbe watu walikuwa wanayauza kama dawa kwa jina la mifupa ya dragoni, na uchimbaji rasmi ukaanza 1928.

Sasa maswali yao, hasa ya enzi ya mfalme Wu Ding kama mwaka 1200 hivi KK, maji yamejaa humo. Mvua itanyesha? Haitanyesha? (waliandika yote mawili, moja upande huu wa gamba na lingine upande ule.) Mto Huan uliopita karibu na mji, utauletea huu mji maafa? Na walimtolea sadaka Mto Njano wenyewe kama nguvu inayoishi, ng'ombe anazamishwa majini. Kuna mfupa mmoja umeandikwa leo mvua, je itatokea magharibi? itatokea mashariki? itatokea kaskazini? itatokea kusini? Nikisoma hiyo naona mtu mwenye shamba kabisa, anageuka kila upande kuangalia mawingu, zaidi ya miaka 3,000 iliyopita. Kwahiyo usifikiri alama ya maji ni falsafa iliyoshuka kutoka hewani, ilianzia kwenye mvua isiyonyesha na mto unaofurika.

"Nimeona maneno 'inafaa kuvuka mto mkubwa' yanajirudia rudia. Ni safari kweli au ni fumbo?" (mwalimu, Kisumu)

Mwalimu, mwanzoni naamini ilikuwa safari kweli. Madaraja yalikuwa haba, mto mkubwa unauvuka kwa mtumbwi au barafu ikiganda, ukikosea wakati unakufa, na jeshi au mfanyabiashara lazima aulize kabla. Baadaye ikawa namna ya kusema jambo lolote zito ambalo ukishaanza huwezi kurudi nusu njia.

Tazama alama ya 5 na ya 6 ziko jirani. Ya 5 ni maji juu ya mbingu, yaani mawingu yameshapanda ila mvua bado, na maana yake ni kusubiri, na inakwambia kuvuka inafaa. Mistari yake inakusogeza mtoni taratibu, unasubiri nje ya mji, unasubiri kwenye mchanga, unasubiri kwenye tope (na hapo unajiitia maadui), unasubiri kwenye damu, halafu ghafla unasubiri ukiwa na pombe na chakula, na mwisho umeingia shimoni, wanakuja wageni watatu hukuwaalika, waheshimu na mambo yatakuwa mema. Ya 6 imepinduliwa, mbingu juu maji chini, mbingu inapanda maji yanashuka, hakuna anayemsikiliza mwenzake, ni alama ya ugomvi na kesi, na hapo inasema wazi kuvuka mto mkubwa haifai. Yaani ukiwa umesubiri vizuri vuka, ukiwa mko kwenye ugomvi baki ng'ambo hii.

Na kitabu kinafungwa na mbweha mdogo, alama ya 64, amekaribia kumaliza kuvuka, mkia unalowa, na hakuna faida. Alama ya 63 ndo ya waliokwisha kuvuka, ila hawakuiweka mwisho, mwisho wakaweka ya wasiovuka bado. Huo mpangilio una ujasiri jamani.

"Ziwa na maji si kitu kimoja?"

Kwetu ndio, kwao hapana. Ziwa, alama Dui, ni maji yaliyotulia na kukusanyika, ni furaha, mdomo, binti mdogo wa mwisho. Ila weka ziwa juu na maji chini, alama ya 47, maana yake maji yamevuja chini na ziwa limebaki kavu, na hiyo ni alama ya kuishiwa kabisa nguvu.

"Kaka mimi niliagua nikapata kisima, alama ya 48. Ni nzuri au mbaya?"

Inategemea mstari uliokuangukia ulipoagua, lakini nikwambie hii ndo alama ambayo ningemsomea mtu wa kwetu kwanza, maana sisi tunajua kisima ni nini bila kufundishwa. Inaanza hivi: mji unaweza kuhamishwa, kisima hakihamishwi, hakipungui wala hakiongezeki, watu wanakuja wanachota wanaondoka. Kamba ikikaribia kufika ila haijafika, au chombo kikivunjika, balaa. Halafu mistari inapanda kutoka chini kama unavyopanda ndani ya kisima. Wa kwanza ni tope, hakuna anayekunywa, hata wanyama hawaji. Wa pili samaki wadogo humo ndani na mtungi unavuja. Wa tatu ndo unaoniuma, kisima kimeshasafishwa lakini hakuna anayekunywa, na moyo wangu unahuzunika. Wa nne kinajengewa ukuta. Wa tano maji baridi safi, watu wanakunywa. Wa sita kimekamilika, usikifunike.

Wasomi wa zamani waliusoma huo wa tatu kama mtu mwenye uwezo ambaye mtawala hamtumii, na mimi nauelewa hivyo hivyo, kuna vijana wangapi wamejiandaa miaka na hakuna anayekuja na ndoo. Kwahiyo kaka angalia mstari wako ni upi. Ila ona pia kwamba huku maji hayatishi tena, ni yale yale ya chini ya ardhi, tofauti ni kazi ya mikono ya watu, wamechimba, wamejengea, wanatunza kamba.

"Nimedownload apu nimeuliza kuhusu mchumba wangu mara tano, majibu matano tofauti. Niamini lipi?"

La kwanza, kama utaamini lolote. Sio mimi ninayesema, ni kitabu chenyewe, alama ya 4, na bahati nzuri nayo ni ya maji: chemchemi inatoka chini ya mlima, maji machanga ambayo hayajui yaelekee wapi, ndo maana ni alama ya ujana na kutojua. Inasema ukiuliza mara ya kwanza unajibiwa, ukirudia mara ya pili na ya tatu ni utovu wa heshima, na mtovu wa heshima hajibiwi. Na mdogo wangu, kwa mapenzi kabisa, ukishafika swali la tano ongea na mchumba mwenyewe.

"Je, chemchemi ya umeme sebuleni inaleta pesa?"

Hiyo ni fengshui, elimu ya Wachina ya kuchagua na kupanga mahali, ni tawi lingine. Maandishi ya zamani yanayohusishwa na msomi Guo Pu, aliyefariki mwaka 324, yalikuwa yanazungumzia makaburi, wapi umzike mzee wako, na yanasema qi, yaani nguvu ya uhai, inatawanyika ikipanda upepo na inasimama ikikuta maji, kwahiyo kupata maji ni jambo la kwanza na kujikinga na upepo la pili. Hapo anasemwa mto na bonde, sio kifaa cha dukani. Pesa yako iweke kwanza kwenye mahitaji.

"Kuna mfalme aliyewahi kuyachagua maji?"

Qin Shi Huang, mwaka 221 KK, alipounganisha China. Kulikuwa na hesabu ya nguvu tano zinazopokezana, mbao, moto, udongo, metali na maji, ikahesabiwa kwamba Zhou, nasaba iliyotangulia, walikuwa moto, na maji yanazima moto, basi yeye akawa maji. Nguo na bendera zikawa nyeusi maana hiyo ndo rangi ya maji, namba ikawa sita, farasi sita kwenye gari lake, na Mto Njano akaubadilisha jina. Na kwakuwa maji kwao ni baridi na kaskazini, sheria zake zikawa kali bila huruma. Tangu muungano huo nasaba yake haikufika hata miaka 20.

"Hii inahusiana na ramli ya pwani?"

Kwa umbo zinafanana, kwa historia ni mbalimbali. Ramli ilikuja na elimu ya Kiarabu, ina alama 16, kila moja mistari minne ya nukta moja au mbili, na kutoka juu mistari ni moto, upepo, maji, udongo. Kwahiyo kwenye ramli maji ni mstari uliomo ndani ya kila alama, kwenye Yijing maji ni alama yenyewe.

"Na matapeli je? Hawakutumia hofu ya maji kula watu?"

Walitumia vibaya sana. Kwenye Shiji, historia kubwa ya China ya kale, kuna kisa cha mji wa Ye katika dola la Wei, karne ya 5 KK. Wazee na maafisa walikusanya kodi kila mwaka ati za kumwoza He Bo, mungu wa mto. Bibi mganga anapita kuchagua binti mzuri wa maskini, anapambwa, anawekwa juu ya kitanda, anasukumwa mtoni mpaka anazama, na asiyekubali anaambiwa mafuriko yatakuja. Wenye mabinti wakawa wanahama mji. Akaletwa gavana mpya, Ximen Bao. Siku ya sherehe akaja, akamtazama binti, akasema huyu hafai, bibi nenda ukamwambie He Bo tutaleta mwingine, na askari wakamtupa bibi mtoni. Akasubiri. Mbona hajarudi? Wakatupwa wanafunzi wake watatu mmoja mmoja, kisha mzee mkubwa. Alipogeukia maafisa wakapiga vichwa chini mpaka damu, na tangu hapo hakuna aliyetaja harusi ya mto. Halafu Ximen Bao akawachukua watu hao hao wa Ye wakachimba mifereji 12 kupeleka maji ya mto mashambani, wakalalamika kazi ni nzito, na hakuwaacha mpaka imekwisha.