Maswali yenu: mawimbi ya hodhini na ya kompyuta

Tulipoeleza hapa jinsi watafiti wanavyochunguza mawimbi maabarani, kwa hodhi la maji lenye mtambo wa kupiga mawimbi na kwa programu za kompyuta, maswali yalimiminika. Haya ni baadhi yake.

Mwalimu, bahari ndogo ndani ya jengo ya nini, na kompyuta zipo? (Nahodha, Shela)

Kwa sababu wimbi likivunjika maji huchanganyika na hewa, na hakuna kompyuta inayoweza kufuata kila mvurugo wake kwenye ufuo mzima. Programu hukadiria, na makadirio yataka kupimwa kwa maji ya kweli. Hodhi nalo haliingizi Bahari ya Hindi. Basi kompyuta hulisafirisha wimbi la kusi kutoka kilindini hadi karibu na nchi kavu, mtambo wa hodhini ukalipokea hapo na kulipiga kwenye mfano mdogo wa ukuta wa kuzuia bahari. Vipimo vya ukutani ndivyo vinavyoisahihisha programu. Mimi ukuta uliokokotolewa tu, bila kupimwa, singejenga nyumba nyuma yake.

Kitu kidogo kitasemaje ukweli wa kikubwa? (Mwanafunzi, Malindi)

Kwa kanuni ya William Froude, Mwingereza aliyejenga hodhi lake Torquay miaka ya 1870. Ukipunguza urefu mara 25, muda na kasi hupungua mara 5, yaani kipeuo cha pili cha 25. Wimbi la mita 2 huwa la sentimita 8. Nguvu ndiyo ya kutisha: hupungua mara 15,625, kwa hiyo msukumo wa kilo moja hodhini ni zaidi ya tani 15 baharini. Mizani ya kupima msukumo hodhini ikikosea kidogo, hesabu yote imekwenda.

Je, hodhi litatuonyesha tope la mto Sabaki litakavyoujaza ufuo? (Msomaji, Malindi)

Hapana. Chembe ya mchanga ukiipunguza mara 25 hugeuka vumbi linaloshikana. Hapo kompyuta iongoze, ikilishwa vipimo vya mtoni, masika na kiangazi.

Programu hizo ni ghali? (Kijana, Mokowe)

SWAN, inayokokotoa mawimbi yanavyosafiri hadi pwani, na OpenFOAM, inayokokotoa mwendo wa maji yenyewe, ni za bure. Hodhi ndilo ghali.

Mikoko huvunja wimbi kweli? (Bibi, Matondoni)

Huvunja, bibi. Hodhini husimamishwa mizizi ya kuigiza, wimbi likapimwa kabla na baada, na kiasi cha ukinzani kikaingizwa kwenye programu ya ghuba nzima. Ila mkoko una mizizi ya kupinda, mchu, aina nyingine ya mikoko, una vijizizi vilivyosimama matopeni. Namba ya mmoja haimfai mwenzake. Wakija wataalamu, waulizeni pia wamepima kwa maji gani: bamvua, yanapojaa sana, au maji mafu, yanapojaa kidogo?